Michirizi

Mabatini umeme ukikatika, jirani hulaani.
Mimi hufunga dirisha, nikaziba kwa kanga mwanya wa mlango,
kwa kuwa kazi yangu inataka giza lenyewe,
giza la ndani ya mtungi.

Mwaka wa kwanza nilitumia taa ya dukani,
ile ya kukagulia noti,
nikapata makosa arobaini kwa usiku mmoja.
Arobaini! Nikajiona tajiri, nikanunua sato mzima.
Kumbe taa ndiyo iliyokuwa kipofu:
urujuanimno wake ni wa mawimbi marefu,
na fosfori hizi za zamani haziitiki
mpaka ziitwe kwa mawimbi mafupi.
Alinicheka Budeba, mnunuzi wa vito wa Rwagasore,
kisha akaniazima taa yake ya kupimia mawe.
"Vaa miwani," akasema, "hii huunguza macho."

Basi sikiliza, wewe unayetaka kujifunza.
Usianze na taa. Anza na jua la saa kumi
linaposhuka upande wa Capri Point.
Inamisha stempu mpaka wino wake ufifie:
michirizi ikiwapo utaiona, hafifu,
kama njia ya konokono juu ya jiwe.
Kisha uliza habari za maji. Je, iliwahi kulowekwa?
Mpwa wangu Ngolo aliziosha sitini kwa sabuni ya unga,
kwa wema tu, zikang'aa zote kama meno,
sasa hata mganga hajui zilizaliwaje.
Uliza na bahasha: karatasi nyeupe mno
huwaka chini, ikasingizia iliyo juu.
Weka kando yake dada yake asiye na kosa,
thamani moja, rangi moja, mwaka mmoja.
Isiyo na mwenzake usiihukumu.

Hivyo ndivyo nilivyoifikia barua ya Nkwimba.

Dada yangu, muuguzi Leeds, mwaka wa themanini na tatu.
Stempu bado imeshika bahasha, haijaonja maji.
Barua yenyewe ina mistari sita, na wa tatu unasema:
mwambieni baba asiuze kiwanja cha Igogo, natuma hela.
Ilichelewa siku kumi na moja.
Baba alikuwa ameshauza, na sehemu ameshaila.
Tukamlaumu Magesa wa posta.
Tulimlaumu sokoni, tukamlaumu hadi msibani kwake;
mama alikula wali wa matanga yake
huku amenuna.

Nikawasha taa ya Budeba.
Ile ya kulinganishia, ya barua ya Krismasi,
ikatoa michirizi yake miwili,
na nilipozima ikabaki inang'aa kidogo,
kama mgeni anayeondoka huku bado anaongea.
Ya Nkwimba, kimya.
Kulia kimya, kushoto kimya.
Nikaurudia muhuri. Si ule wa mashine, wenye mistari;
ni wa mkono, umekaa upande,
mtu aliubonyeza akiwa amechoka.
Mashine ya kule hutafuta mng'ao. Haikuuona,
ikaitema barua kapuni
pamoja na zile zisizo na uso.

Magesa, hukuwa wewe.

Lakini niseme kweli, maana kazi hii imenifunza ukali:
kapu lile huchelewesha siku moja, labda mbili.
Tisa zilizobaki sina taa ya kuzimulika.

Nikaandika daftarini:
fosfori haipo, michirizi yote miwili,
imetumika, juu ya bahasha, haiuzwi.
Umeme ukarudi. Friji ikakoroma.
Stempu ikawa ya kahawia tu, kama zingine.